Kompyuta Itajibu Ulichouliza

Mwaka 1941 ndege za Uingereza zilizokuwa zikiwinda nyambizi, yaani manowari za Ujerumani zinazopita chini ya maji, zilikuwa na tatizo la aibu. Zinaiona manowari, zinaishukia, zinaangusha mabomu ya majini, na manowari inakwenda zake. Mabomu yale yalitegwa yalipuke yakifika kina cha futi 100, yaani kama mita 30, na aliyechagua kina hicho hakuwa mjinga. Kwa wastani mabaharia wa manowari waliiona ndege dakika mbili hivi kabla haijawafikia, na kwa dakika mbili manowari huweza kuzama futi 100. Basi bomu lifuate manowari ilipo.

Akaja mwanafizikia mmoja, E. J. Williams, akauliza kitu ambacho wenzake walikuwa wamekiruka: manowari iliyokwisha kuzama futi 100, rubani anajua iko wapi? Hajui. Imeshapotea machoni, imeshakata kona, na bomu linaangushwa kwa kubahatisha. Manowari inayoweza kupigwa ni ile iliyochelewa kuiona ndege, ambayo bado iko juu ya maji au ndiyo kwanza inapiga mbizi. Na hiyo, bomu linalolipuka mita 30 chini yake linaitikisa tu. Williams akashauri mabomu yategwe yalipuke kwenye futi 25. Manowari zilizozamishwa zikaongezeka mara kadhaa, bila ndege mpya na bila bomu jipya. Wajerumani waliotekwa walidhani Waingereza wamegundua baruti yenye nguvu zaidi.

Hesabu iliyotumika hapo haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Wastani wa kwanza ulikuwa sahihi, ila ulikuwa wastani wa manowari zote, wakati uamuzi ulihusu zile tu zinazopigika. Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu nina ugomvi wa siku nyingi na namna utafiti wa operesheni, taaluma ya kutafuta uamuzi bora kwa hesabu iliyokomaa katika vita vile, unavyofundishwa na unavyouzwa. Darasani unafundishwa kama rundo la mbinu za kukokotoa. Maofisini unauzwa kama mashine ya majibu. Mimi nauona kuwa ufundi wa kuuliza, na kukokotoa, pamoja na uzuri wake wote, ndiyo sehemu ambayo siku hizi unaweza kumwachia mtumishi asiyechoka, kompyuta.

Mtu aliyewakusanya watafiti wa namna hii ni Patrick Blackett, mwanafizikia aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kikosi chake cha mwaka 1940, kilichoshughulikia mizinga ya kutungulia ndege, kilikuwa na wanafiziolojia, wanahisabati, mtaalamu wa fizikia ya nyota na hata mpima ardhi. Wanajeshi wakakipachika jina la sarakasi ya Blackett. Baadaye watu wake waliwaonyesha wakuu wa jeshi la majini kwamba msafara mkubwa wa meli za mizigo hupoteza sehemu ndogo ya meli zake kuliko msafara mdogo, jambo ambalo lilikwenda kinyume kabisa na walivyoamini. Ukilitazama vizuri unaona sababu: meli zinajaza eneo, walinzi wanazunguka ukingoni. Zidisha meli mara mbili, na ukingo wa kulinda unaongezeka kwa asilimia 41 tu.

Ukiuvua uwanja huu majoho yake, chini unakuta mambo ya kawaida sana. Kuna vitu vilivyo mikononi mwako kuamua, ambavyo wenyewe huviita vigeu vya uamuzi: ushone mangapi, utume malori mangapi, uweke zamu saa ngapi. Kuna lengo, yaani kile unachotaka kiwe kikubwa au kidogo kadiri inavyowezekana. Na kuna masharti, mambo ambayo hutaki au huwezi kuyavuka. Basi. Mengine yote, kuanzia vitabu vizito hadi programu za bei mbaya, ni namna za kutafuta jibu baada ya hayo matatu kuandikwa.

Tuingie karakana ya ushonaji. Wiki hii ina mita 120 za kitambaa na saa 130 za mafundi. Shati linakula mita 2 na saa 3, maana kola na vifungo vina kazi. Gauni linakula mita 3 lakini saa 2 tu. Shati moja linaacha faida ya 5, gauni 6, kwa sarafu yoyote uipendayo. Tuseme kila kinachoshonwa kina mnunuzi. Washone nini?

Mwenye haraka atasema magauni, kwa kuwa ndiyo yenye faida. Mita 120 zinatoa magauni 40, faida 240. Lakini hapo mafundi wametumia saa 80, na saa 50 zilizobaki wanapiga soga. Ukigeukia mashati matupu, saa ndizo zinazokwisha kwanza: mashati 43, faida 215, na kitambaa kimebaki kimekunjwa. Jibu bora ni mashati 30 na magauni 20. Piga mwenyewe: kitambaa ni mita 60 za mashati na 60 za magauni, saa ni 90 na 40. Kila kitu kimeisha sawasawa, na faida ni 270.

Ukichora jambo hili kwenye karatasi ya miraba, kila sharti ni mstari unaoikata karatasi na kukuambia ubaki upande huu. Kinachosalia ni umbo lenye pembe, na hapa pana jambo zuri kweli: ikiwa lengo na masharti yote ni ya mistari iliyonyooka, jibu bora lazima lipatikane kwenye pembe mojawapo. Karakana yetu ina pembe nne tu, unaweza kuzijaribu zote huku ukinywa maji. Kiwanda chenye bidhaa mia na masharti mia kina pembe nyingi kuliko unavyoweza kuzihesabu maishani. Mwaka 1947 George Dantzig, aliyekuwa akifanya kazi ya mipango katika jeshi la anga la Marekani, alibuni njia iitwayo simpleksi. Inasimama kwenye pembe moja, inatazama pembe za jirani, inahamia iliyo bora zaidi, na kuendelea hivyo mpaka hakuna jirani anayeizidi. Jina la upangaji mstari, yaani upangaji ambao lengo na masharti yake ni ya mistari iliyonyooka, lilitokana na kazi hiyo. Kiingereza kilitumia neno programming, ambalo leo watu hulisikia wakafikiri linahusu kuandika programu za kompyuta, kumbe lilimaanisha mipango ya jeshi ya mafunzo na ugavi. Kiswahili chetu, kwa kusema upangaji, kimetuepusha na mkanganyiko huo.

Muhula mzima nilioutumia kujifunza simpleksi niliutumia kujaza majedwali kwa kalamu. Unagawanya safu hii, unaitoa kwenye ile, ukikosea alama moja ya kutoa karatasi nzima imekufa. Mtihani ukaja na tatizo lililokwisha andikwa, lengo limewekwa, masharti yamepangwa kama askari kwenye gwaride, na kazi yetu ilikuwa kuyakokotoa. Hakuna aliyetuuliza tatizo lile lilitoka wapi. Hakuna hata aliyetuuliza maswali yanayoanza baada ya jibu kupatikana, na kwangu hayo ndiyo yenye utamu.

Rudi karakanani. Muuzaji anapita na mita 5 za ziada. Ukipanga upya, jibu bora linakuwa mashati 28 na magauni 23, faida 278. Angalia vizuri: kitambaa kimeongezeka lakini mashati yamepungua. Mtu anayeamua kwa mazoea angeongeza vyote viwili kidogo kidogo, na saa zisingemtosha. Mita 5 zimeleta 8, kwa hiyo kila mita imeleta 1.6. Ukifanya hivyo kwa saa, utakuta kila saa ya ziada inaleta 0.6. Namba hizi mbili huitwa bei kivuli, na ningekuwa na uwezo wa kufundisha kitu kimoja tu katika taaluma hii nzima, ningefundisha hizi.

Bei kivuli haimo dukani wala kwenye daftari la mhasibu. Ni thamani ya kitu kwako wewe, kwa mpango ulio nao, wiki hii. Ikiwa faida ya 5 na 6 imekwisha kutoa bei ya kawaida ya kitambaa, basi 1.6 ndiyo nyongeza ya juu kabisa unayoweza kumlipa muuzaji wa dharura kwa mita, akidai 1.7, mwache aende. Ikiwa mafundi wana mshahara wa wiki na saa ya ziada inalipiwa peke yake, wakidai zaidi ya 0.6 kwa saa, kila mtu arudi nyumbani kwa wakati.

Kisha anakuja mteja na oda ya suruali. Suruali inakula mita 2 na saa 4, na italeta faida ya 5.5. Inalipa kuliko shati! Meneja yeyote angeikubali akicheka. Lakini mita 2 kwa 1.6 ni 3.2, na saa 4 kwa 0.6 ni 2.4. Jumla ni 5.6. Kila suruali itakayoshonwa inanyang'anya mashati na magauni vitu vya thamani ya 5.6 ili ilete 5.5. Huna haja ya kupanga upya chochote. Unamwambia mteja aongeze kidogo au unamtakia heri. Sijui ni ofisi ngapi duniani zinafanya biashara ya suruali hii kila siku, zikisifu bidhaa inayoleta faida kubwa huku ikila saa ambazo bidhaa nyingine ingezitumia vizuri zaidi.

Bei hizi si za milele. Endelea kununua kitambaa mpaka mita 195, na mashati yameisha kabisa, mafundi wote wako kwenye magauni 65. Kuanzia hapo mita ya ziada haina thamani hata kidogo, maana saa ndizo zinazobana. Na kuna upande mwingine wa jambo hilo hilo. Tuseme huna hakika kama faida ya shati ni 5 kweli. Ukifanya hesabu utaona kwamba, gauni likibaki na 6, mpango wa mashati 30 na magauni 20 hautikisiki iwapo faida ya shati iko popote kati ya 4 na 9. Kwa hiyo mkutano wa saa tatu wa kubishana kama ni 5 au 5.4 ni mkutano wa bure. Modeli nzuri, yaani tatizo lililoandikwa vizuri kihesabu, inakuonyesha namba gani zinastahili ugomvi na zipi haziustahili.

Bei kivuli zina historia ya kuchekesha kidogo, ingawa kwa mhusika haikuwa kichekesho. Miaka kadhaa kabla ya Dantzig, mwaka 1939, mwanahisabati Leonid Kantorovich wa Leningrad alichapisha njia ya kupanga uzalishaji baada ya kuulizwa swali na kiwanda cha mbao za tabaka: kazi zigawanywe vipi kati ya mashine ili mazao yawe mengi kabisa? Ndani ya njia yake zilijitokeza namba zilezile, thamani ya kila kinachobana. Katika Urusi ya Stalin mwanahisabati hakuweza kutembea akisema ameona bei zinazotokana na uhaba, bei ambazo haikupanga kamati yoyote wala hazikuhesabiwa kwa jasho la mfanyakazi. Akaziita vizidishi vya utatuzi. Hata hivyo wachumi wa huko walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1975 alipewa Nobel ya Uchumi pamoja na Tjalling Koopmans wa Marekani. Pande mbili zilizokuwa zikitishiana mabomu ya nyuklia zilikuwa zimefika kwenye namba moja. Dantzig hakuwekwa kwenye tuzo hiyo, jambo ambalo wengi katika fani hawajalisamehe mpaka leo, nami nimo.

Nipite haraka kwenye ugumu wa kukokotoa, maana ndio unaopata sifa zote. Mambo huharibika pale ambapo jibu lazima liwe namba kamili: huwezi kutuma lori mbili na nusu. Huharibika zaidi pale unapopanga mfuatano. Gari likiwa na vituo 20 vya kupitia, kuna njia zaidi ya bilioni bilioni mbili za kuvipanga, na kompyuta inayokagua njia bilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka 77 kuzimaliza. Hata hivyo mwaka 1954 Dantzig na wenzake wawili, Fulkerson na Johnson, walipata njia fupi kabisa ya kupita miji 49 na kuthibitisha kwamba hakuna fupi kuliko hiyo. Mwaka 2006 rekodi ilifika vituo 85,900. Hawakukagua njia moja moja. Walijifunza kuthibitisha kwamba mabunda makubwa ya njia hayawezi kuwa na jibu, wakayatupa bila kuyafungua. Ni kazi ya fahari. Ila nakukumbusha kwamba gari lako lina vituo 20, programu za bure zinakitatua hicho kabla hujamaliza kupiga chafya, na dereva bado atachelewa kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba kituo cha saba kinafungua geti saa nne.

Foleni zinaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi, kwa sababu huko lengo lenyewe ndilo huwa baya. A. K. Erlang, aliyekuwa akishughulikia mitambo ya simu Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 kazi iliyoanzisha nadharia ya foleni. Chukua dirisha moja la huduma, watu wanakuja kwa nasibu, na huduma ya kila mmoja inachukua muda usiotabirika. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 50 ya muda wake, kwa wastani dirishani kuna mtu mmoja, ukijumlisha na anayehudumiwa. Kwa asilimia 80 wako wanne. Kwa 90, tisa. Kwa 95, kumi na tisa. Kwa 99 wako tisini na tisa, na foleni imetoka nje ya mlango.

Sasa mkurugenzi anaajiri mshauri, na agizo ni moja: asitokee mfanyakazi anayekaa bure. Mshauri anakuza kiwango cha matumizi ya wafanyakazi, ripoti inapendeza, wafanyakazi wanashughulika kwa asilimia 97, na wateja wanazeeka wakisubiri. Hakuna aliyekosea hesabu. Muda ule wa mhudumu kukaa bila mtu mbele yake, ambao agizo liliuita uzembe, ndio uliokuwa ukinyonya msongamano pale watu watano wanapokuja kwa pamoja. Kwenye fomula hauonekani kuwa na thamani kwa sababu hakuna aliyeiandika thamani yake.

Masharti nayo yana siri zake, na mengine hayatoki kwenye hesabu kabisa. Mfano ninaoupenda ni wa kubadilishana figo. Mtu anataka kumpa mkewe figo, damu hazipatani. Kwingine kuna mama na mwanawe, nao hazipatani. Lakini figo ya yule mume inamfaa mwana, na ya mama inamfaa mke. Wabadilishane. Mwanauchumi Alvin Roth, aliyepata Nobel mwaka 2012, na wenzake waliliweka jambo hili kama tatizo la uboreshaji, yaani la kutafuta jibu bora: una orodha ndefu ya jozi, unajua nani anapatana na nani, tafuta mizunguko itakayowapa figo watu wengi iwezekanavyo. Kihesabu, mzunguko mrefu ni neema. Mzunguko wa jozi kumi huweza kuokoa watu ambao mizunguko ya jozi mbili isingewafikia.

Kwa nini basi mizunguko hiyo kwa kawaida hufungiwa kwenye jozi mbili au tatu? Kwa sababu binadamu hubadilisha nia. Mke wangu akishapata figo leo, mimi niliyeahidi kutoa yangu kesho naweza kuamka na kusema hapana, na hakuna sheria itakayonilaza kwenye meza ya upasuaji. Kwa hiyo upasuaji wote wa mzunguko mmoja hufanywa kwa wakati mmoja: jozi mbili ni pasuaji nne, jozi tatu ni sita, na hospitali zina vyumba na madaktari wa kuhesabika. Sharti hilo dogo, mzunguko usizidi tatu, limebeba ndani yake woga, upendo na ahadi zinazovunjika. Mwanafunzi anayelikuta kwenye ukurasa limeandikwa kwa alama ataliona kama mstari mwingine tu wa kukokotoa.

Na lengo je? Kuwapa figo watu wengi kabisa kunasikika kama jambo lisilo na mjadala, mpaka ukumbuke kwamba wagonjwa wa kundi la damu O hupata wafadhili kwa shida, na mfumo unaohesabu vichwa tu utawaacha wasubiri ili uwahudumie walio rahisi kupatanishwa. Ukiwapa uzito zaidi, jumla inaweza kushuka. Uzito huo ni kiasi gani? Hakuna nadharia yenye jibu la swali hilo. Lazima watu wakae, waseme, na waandike namba ambayo kila mmoja ataona imepotoka kidogo.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mji wa Boston, Marekani, uliliona hilo mwaka 2017. Mfumo wake wa shule za umma uliwaalika watafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT. Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga upya njia za mabasi ya wanafunzi, nayo ilifanikiwa: mabasi yapatayo 50 yakaondolewa barabarani. Kazi ya pili ilikuwa kupanga saa za kuanza masomo kwa shule zote kwa mkupuo. Malengo yalikuwa ya heshima. Vijana wakubwa wanahitaji kulala zaidi asubuhi, utafiti wa afya unasema hivyo. Watoto wadogo wasirudi nyumbani giza limeingia. Mabasi yatumike mara kadhaa kwa siku. Na saa nzuri zisiwe mali ya mitaa yenye pesa peke yake. Idadi ya mipangilio inayowezekana ilikuwa kubwa kupita maelezo, na algoriti, yaani utaratibu wa kukokotoa waliouandikia kompyuta, ikapata mpango uliopiku mpango uliokuwepo kwa kila kipimo kilichowekwa.

Desemba ratiba ikatangazwa, na ghadhabu ikalipuka. Shule nyingi za watoto wadogo zilisogezwa mapema asubuhi, maana yake watoto wanatoka mapema mchana, wakati mzazi yuko kazini na hana wa kumpokea mwanawe. Wazazi walijaza mikutano. Kabla mwezi haujaisha mpango ukawekwa kando.

Nimesoma watu wakilitumia tukio hilo kuthibitisha kwamba hesabu haina huruma, na wengine wakithibitisha kwamba wazazi wenye sauti ndio wanaopata wanachotaka. Hii ya pili ina ukweli ndani yake: ratiba ya zamani nayo iliwaumiza watu, ila walioumizwa walikuwa wamekwisha izoea au hawakuwa na muda wa kuja mkutanoni. Mimi naona kitu cha tatu. Gharama ya kumbadilishia mzazi saa alizokwisha panga maisha juu yake haikupewa uzito ambao wazazi wenyewe wangeupa. Watafiti waliulizwa ratiba ipi ni bora iwapo tunaanza upya leo. Wazazi walikuwa na swali jingine: kutoka hapa tulipo, twende wapi bila kuvunjika miguu njiani? Modeli inaweza kulibeba swali hilo. Ni sharti moja tu la ziada, kwamba shule isisogezwe zaidi ya dakika kadhaa. Lakini mtu lazima aje na sharti hilo kabla ya Desemba.

Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walikwisha sema, na wataalamu wa fani hii wana mchoro wa methali hiyo: mstari unaoonyesha kwamba ukitaka kupunguza gharama kwa kiasi hiki, usawa unashuka kwa kiasi hiki. Kwa maoni yangu mchoro huo ndio unaopaswa kupelekwa mbele ya watu, badala ya jibu moja lililotiwa muhuri wa bora. Mshauri anayeleta ratiba moja amekwisha chagua pahali pa kusimama kwenye mstari ule, kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma.

Dantzig mwenyewe alilijua hili kwa tumbo lake. Mwaka 1945 mwanauchumi George Stigler alikuwa amejiuliza chakula cha bei nafuu kabisa kinachoweza kumpa mtu virutubisho vyake vyote, akachagua kati ya vyakula 77 na kukadiria dola 39.93 kwa mwaka, kwa bei za 1939. Simpleksi ilipozaliwa, tatizo hilo likawa la kuijaribia. Makarani tisa wenye mashine za mkono walikokotoa kwa jumla ya siku-kazi 120, wakapata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24, kwa kubahatisha kwa akili tu.

Miaka michache baadaye daktari alimwambia Dantzig apunguze uzito. Akaona atumie njia yake. Aliweka kikomo cha kalori, na kwa kuwa shida ya kujinyima ni njaa, lengo likawa kujisikia ameshiba: chakula kiwe na uzito mkubwa kadiri iwezekanavyo, ukiondoa uzito wa maji yaliyomo. Kompyuta ikamrudishia mlo wa siku, na ndani yake galoni 500 za siki. Kwenye jedwali alilotumia, siki ilikuwa imeandikwa kama kitu kisicho na maji. Akaifuta siki. Safari hii kompyuta ikamshauri vipande 200 vya supu kavu kwa siku. Alijaribu kuvinywa kidogo, chumvi ikamshinda, akaweka kikomo cha vipande vitatu. Baadaye alitania kwamba hivyo ndivyo vikomo vya juu vya vigeu vilivyoanza. Siku iliyofuata zikaja pumba za ngano, ratili mbili. Akaziwekea kikomo nazo.

Mkewe, Anne, ambaye kila jioni ndiye aliyekuwa akiletewa orodha hizo jikoni, mwishowe alisema inatosha. Alichukua mawazo machache yaliyofaa kwenye karatasi zile, mengine akayaacha, akampangia chakula yeye mwenyewe. Dantzig akapungua ratili zaidi ya 20.